Maua ya Chumbani kwa Mama

Nilipoondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, sikusikia kitu. Kila siku kifua cha mama kilipiga filimbi nyuma ya ukuta, nami nilishona huku nimekitegea sikio. Asubuhi ile filimbi ilikatika. Niliacha sare ya mteja ikining'inia sindanoni, nikakimbia.

Nilimkuta ameketi kitandani, midomo imekuwa rangi ya majivu, mikono imeng'ang'ania godoro. Maua yalikuwa yamemzunguka pande zote: dirishani, juu ya kabati, sakafuni mpaka miguuni pa kitanda. Alinitumbulia macho, akifungua kinywa bila kupata hewa. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Na maua hayo hayo ndiyo yaliyomfufua. Baba alipofariki, mama alijilaza akaugeukia ukuta. Hakulia. Alikataa kula, kuoga, hata kumgombeza kaka yangu, na hilo ndilo lililotutisha kuliko yote. Kaka tunamwita Profesa kwa kuwa hakuna asichokijua. Siku moja aliingia amekumbatia chungu cha maua.

"Mimea inasafisha hewa," alitangaza. "Inatuliza na akili. Nimesoma."

Tulimcheka. Kesho yake mama aliinuka kulitazama ua lile. Wiki haikuisha, akawa analifuta vumbi jani kwa jani huku akilisimulia habari za marehemu. Usingizi ukamrudia, hamu ya chakula ikafuata. Tukaongeza vyungu. Mlango wa nje bado hakuukaribia, lakini chumbani mle alikuwa mtu tena, na nani angethubutu kulalamika?

Akaweka na sheria yake: asiyemwagilia hajamsalimu. Jirani, wifi, hata mteja wangu aliyekuja kupimwa gauni, wote walikabidhiwa maji kabla ya kupewa kiti. Mama alipendwa, kwa hiyo wageni hawakukatika. Udongo haukupata nafasi ya kukauka.

Asubuhi ile filimbi ilipokatika, jirani alitukimbiza zahanati kwa gari lake. Mama alipovutishwa dawa na pumzi ikarudi, daktari alinivuta pembeni, akaniuliza analala chumba cha namna gani. Nikamweleza.

"Maua si mabaya," alisema. "Lakini udongo ukiwa mbichi siku zote unaota ukungu, na mama yako ana pumu. Yatoeni. Safari nyingine huenda msimuwahi."

Nyumbani niliinua majani ya chini. Utandu mweupe ulikuwa umefunika udongo, chungu baada ya chungu, umepanda hadi ukutani nyuma ya mto wake.

"Tukiyatoa atarudi kule kule," kaka alisema.

"Na tusipoyatoa?"

Profesa aliinua chungu cha kwanza. Tulibeba vyungu mpaka barazani nyuma ya nyumba, tukasugua ukuta, tukafungua madirisha. Mama aliporudi kutoka zahanati alisimama mlangoni mwa chumba kitupu.

"Mmemzika baba yenu mara ya pili," alisema, akalala na kuugeukia ukuta.

Siku zilizofuata sikushona chochote cha maana. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Kifua kilikuwa kimetulia kweli, ila sasa nilimwogopea kitu kingine, kisicho na dawa ya kuvuta. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamwambia maua yake yapo barazani, ni hatua chache tu. Alinipa mgongo. Kila nilipofika mlangoni pake nilisita kwanza, nikijiandaa kwa nitakachokikuta.

Asubuhi moja nilimpelekea chai. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limeburuzwa chini.

Nilimwita. Nilitazama bafuni, nikatazama jikoni, kichwani nikimwona ameanguka mahali. Kisha niliona mlango wa nyuma uko wazi.

Alikuwa barazani, peku, kanga imemwanguka bega, mkono mmoja umeshika nguzo. Kidole cha mkono wa pili alikuwa amekichomeka kwenye udongo. Alihema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, lakini alihema.

"Hili limekaa juani, limeungua," alisema bila kunitazama. "Nani kaliweka hapa? Yule Profesa wenu?"

"Mama, kifua?"

"Kifua ninacho. Miguu ndiyo inanitetemeka. Usinisimamie kama askari, lete kiti."

Nilikwenda kukileta. Nilikigonga ukutani, nikakigonga tena mlangoni, kwa haraka ya kumrudia.