Kitabu Kilichokatwa kwa Kisu cha Mkate

Kitabu kile kilikuwa kinene kama tofali, na viganja vya Odile Thibodeau, vilivyokuwa vikiumwa na baridi yabisi tangu alipostaafu ualimu, havikuweza kukishika. Ndiyo maana yeye na binamu yake Fernande walikilaza juu ya meza ya jikoni, wakakikata katikati kwa kisu cha mkate. Sehemu ya mbele, inayosimulia utoto wa marafiki sita, aliichukua Odile. Sehemu ya nyuma, ambamo marafiki hao wanarudi mjini kwao wakiwa watu wazima wenye mvi, aliichukua Fernande. Walikubaliana kubadilishana theluji itakapoanza kuyeyuka.

Theluji iliyeyuka, barabara zikawa matope matupu, lakini hawakubadilishana. Kila Fernande alipopiga simu, Odile alikuwa na udhuru: mara ana mafua, mara ana wageni, mara hajafika mwisho. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kuisoma nusu yake, nayo ilimtia hofu asiyopata kuijua tangu alipokuwa msichana mdogo. Si dubwana lililomtisha, lile lililojificha katika ghala bovu la barafu kando ya ziwa, likiwaita watoto kwa sauti za mama zao. Kilichomtisha ni ukurasa mmoja ambamo mtoto anapiga mayowe njiani, na jirani, mwanamke mwenye heshima zake, anavuta pazia na kuongeza sauti ya redio. Odile alikifunga kitabu, akakisukumia chini ya mashuka kabatini. Kisha, ili asiumbuke mbele za watu, aliitazama filamu iliyotokana na kitabu hicho, mchana kweupe, huku taa zote za nyumba zikiwaka.

Kuumbuka kwake kusingekuwa kudogo. Yeye ndiye aliyeongoza klabu ya wasomaji katika maktaba ya mji, na yeye ndiye aliyeweka kanuni kwamba asiyemaliza kitabu hasemi. Mtu wa namna hiyo huketi kwenye viti vya ukutani, karibu na birika la kahawa, akiwasikiliza wenzake. Majira ya baridi yaliyopita alimpeleka huko Wendell Pratt, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alikuwa amekesha juma zima akiendesha gari la kusukuma theluji ili wengine wapate kupita. "Theluji haikumzuia mtu yeyote kusoma, Wendell," alimwambia, na Wendell, mtu mzima mwenye ndevu zake, akaenda kuketi ukutani.

Jumamosi ya kukijadili kitabu hicho ilipofika, wanaklabu walikutana alasiri katika chumba cha chini cha maktaba. Corinne, mtunza maktaba, alikuwa ameleta donati za asali nyeusi.

"Mimi nimelala na taa siku zote hizi," alianza Wendell. "Mke wangu ananiambia, 'Wewe jitu zima unaogopa nini?' Nikamwambia, chukua usome mwenyewe, halafu tuongee."

"Mimi sikuogopa, nilichoka," alisema Corinne. "Jamani, kurasa zote zile! Huyu mwandishi hakuwa na hata rafiki mmoja wa kumwambia basi, inatosha?"

"Corinne, wewe hata orodha ya vyakula mkahawani unaiona ndefu," alimtania Wendell.

Walicheka. Kicheko kilipotulia, Fernande, ambaye kwa kawaida husema machache, aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi nililia," alisema. "Wale watu wazima wamesahau kila kitu. Wanakaa mezani wanaulizana, 'Hivi sisi tulikuwa nani?' Na mimi pia sijui, maana huo utoto wao sijausoma. Basi nikawa nao humo humo gizani, sote hatujui tulikotoka. Hakuna kitabu kilichowahi kunifanya hivyo."

Yalikuwa maneno bora kuliko yote yaliyosemwa alasiri ile, na kila mmoja alilijua hilo, Odile akiwamo.

"Hujausoma?" aliuliza Wendell. "Kwa nini, Bi Fernande?"

Fernande alimgeukia binamu yake. Hakuwa akimshitaki, alikuwa akimngojea tu aeleze habari za kisu na meza ya jikoni, wapate kucheka wote. Odile alifungua kinywa. Akifikiri kwamba swali la pili lingekuwa kama yeye mwenyewe ameisoma nusu ya pili, alikaza uso.

"Fernande, kanuni unaijua."

"Odile?"

"Hujamaliza kitabu. Tafadhali."

Fernande alisimama. Aliokota mkoba wake wa sufi, akaenda polepole hadi ukutani, akaketi.

"Tuje kwenye mwisho," alisema Odile kwa sauti yake ya darasani. "Ghala linapoteketea, nao sita wanatoka motoni wameshikana mikono, mwandishi anatufundisha kwamba urafiki wa utotoni haufi."

Corinne aliitazama donati yake. Wendell alikuna ndevu.

"Mwalimu, samahani," alisema kwa upole. "Moto gani?"

"Anasema kwa mfano, Wendell!" Sauti ya Fernande ilitoka ukutani, haraka. "Moto wa mioyo yao. Si unawajua walimu?"

"Fernande! Walioketi huko hawasemi!"

Maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka kabla hajatambua kwamba alikuwa ameokolewa. Fernande aliinamia kikombe chake.

"Tuendelee tu, jamani," alisema Wendell. "Kitabu kirefu, mtu yeyote anachanganya."

Kama angemzomea, Odile angejua namna ya kumjibu. Huruma ile ndiyo iliyomshinda.

"Sikuchanganya," alisema hatimaye. "Nimetazama filamu. Kitabu tulikikata mimi na Fernande, yeye akachukua nusu ya pili, nami sikutaka aniletee. Niliogopa."

"Lile dubwana?" aliuliza Corinne.

"Laiti lingekuwa dubwana."

Alichukua mkoba wake, akavuka chumba huku kila mtu akijifanya kutafuta kitu katika kurasa zake. Kwenye kiti cha ukutani kilichobaki kando yake, Fernande alikuwa ameweka koti lake, wala hakuliondoa mara moja. Odile alisimama mbele yake.

"Binamu, nisamehe."

Fernande alilivuta koti akaliweka magotini, pasipo kumtazama. "Kaa. Unatuzuia kusikia."

Wendell alianza kusimulia mwisho wenyewe: jinsi watu wazima wanavyomwacha mwenzao mmoja ndani ya ghala, na jinsi, hata kabla ya kuvuka daraja, wanavyokuwa wamelisahau jina lake. Kulikuwa na mambo mengi ambayo Odile alitamani kuyasema. Aliinamisha macho, akasikiliza.