Kilichokwaruza Ndani ya Sipiyu

Kwaru, kwaru. Kimya. Halafu kwaru tena, kama mtu anayekomba ukoko wa sufuria kwa kucha.

Mwanaheri alifumbua macho gizani. Mwanawe Najat alikuwa amelala kifudifudi pembeni yake, mguu mmoja kaupandisha juu ya tumbo la mama yake, anakoroma kwa mafua kama kizee. Umeme ulikatika jana usiku Mwanaheri akiwa bado kwenye kompyuta, lakini sasa friji ya jirani ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta, maana yake umeme umerudi. Sauti ile ilitoka sebuleni. Baada ya kukwaruza ulikuja mlio mrefu, tiiiii, ukakatika, ukafuata mwingine, na mwingine tena. Kompyuta ilikuwa imejiwasha yenyewe.

Kabla hajatia miguu kwenye kandambili, akasikia mlango wa uani ukibamizwa na mama mkwe wake akiomba hifadhi ya Mungu kwa sauti ya kuamsha Kiwalani nzima.

Huyo mama mkwe, Mama Badru, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Kila siku huamka kabla ya adhana akakaanga vitumbua, akaviuza barazani kwa watu wanaowahi kazini na kwa kina mama wenye watoto wa shule. Mwanaheri alimkuta uani, amejitanda kanga mbili, ameushika mwiko kama anamsubiri mwizi. Wiki nzima alikuwa anausikia ule mkwaruzo, akausamehe, akasema ni uzee wa mashine. Lakini kitu kinachojiwasha chenyewe watu wamelala, hicho si cha kuishi nacho. Jamaa wa skrepa, wale wanaokusanya vyuma chakavu, hupita jua likishachomoza, na leo wakipita hawaondoki mikono mitupu.

"Linatoka leo, mwanangu," alisema. "Mie na hilo dude hatulali tena paa moja."

Mwanaheri alijaribu kumweleza kwamba kompyuta nyingine hupangwa ziwake umeme ukirudi, na yeye jana alisahau kuzima swichi ya ukutani. Mama mkwe akamuuliza kama na huyo anayekwaruza naye amepangwa. Akampigia mumewe, aliyekuwa zamu ya usiku jikoni kwenye hoteli moja huko Msasani. Badru, sahani zikigongana nyuma yake, akamwambia afanye anavyotaka mama, watatafuta nyingine mambo yakikaa sawa. Mwanaheri akakata simu akiwa na hamu ya kulia.

Mambo yangekaaje sawa bila ile mashine? Mezani palikuwa na bahasha ya mitihani ya chekechea, kutoka shule moja ya Tabata: hesabu bata, unganisha nukta, zungushia duara kikombe kikubwa. Mwalimu mkuu alimpa aichape nyumbani kama majaribio, irudi Jumatatu asubuhi. Ikimpendeza, Mwanaheri anakaa mapokezi ya shule ile, kwenye kiti chenye mgongo, na Najat anasoma hapohapo. Ndiyo maana alikuwa akienda masomo ya jioni ya kompyuta na mtoto mgongoni, ndiyo maana alijifunza kuandika bila kutazama vidole. Mitihani aliyokwisha kuichapa ilikuwa ndani ya mashine ile, na kwingine haikuwepo.

Akaomba apewe muda hadi skrepa wapite. Mama mkwe akasema muda ni wake, ila yeye sebuleni haingii.

Mwalimu Kornelio wa masomo ya jioni alikuwa na maneno yake. Usiulize mashine inaumwa nini, alikuwa akisema, uliza sauti inatoka wapi, inaanza lini, na inakoma lini. Mwanaheri akachukua kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, akakiweka sikioni kama daktari, akainama ubavuni mwa sipiyu, lile sanduku la kompyuta lililosimama kwenye meza yake ndogo pembeni ya kabati. Lilikuwa limefunikwa kitambaa kikubwa cha kudarizi, waridi jekundu na majani ya kijani, kazi ya mikono ya mama mkwe. Kila kitu nyumba ile kilivaa kitambaa: redio, friji, hata ndoo ya maji ya kunywa, na macho yake yalikwisha kuacha kuvitazama.

Ile milio mirefu aliijua. Ni ramu, kibao chembamba cha kumbukumbu, hakijakaa vizuri au kimeingia uchafu. Mkwaruzo ulitoka nyuma, kwenye feni, ambayo ilikuwa ikijaribu kuzunguka na kitu kikiizuia. Kulikuwa na sauti ya tatu pia, ndogo sana, chaka chaka chaka, kama karatasi inayokunjwa. Hiyo hakuielewa. Akazima swichi ya ukutani, akachomoa na waya kabisa. Milio ikafa. Feni ikafa.

Chaka chaka chaka haikufa.

Vinyweleo vilimsimama mpaka kisogoni. Mashine haina umeme hata chembe, na ndani yake kuna kitu kinatembea. Alibaki ameinama vilevile, kibomba sikioni, na pua yake ndipo ikaanza kufanya kazi. Wiki nzima alikuwa anasikia harufu ya kitu kilichochacha akausingizia mtaro wa nyuma ya choo. Mtaro haukuwa na hatia. Harufu ilikuwa hapa, chini ya waridi.

Akafunua kitambaa.

Juu ya sipiyu palikuwa na bakuli kubwa la plastiki, limefunikwa sinia. Akainua sinia. Unga wa vitumbua, umeumuka ukajaa mapovu, umefurika ukingoni na kuteremka mchirizi mweupe ubavuni mwa sanduku hadi kwenye matundu ya hewa. Chini ya mchirizi mbichi kulikuwa na mikavu, ya jana, ya juzi, ya siku nyingi, imepandiana kama nta ya mshumaa.

Kumbe ndiyo habari yenyewe. Yeye akizima mashine usiku na kwenda kulala, sanduku bado lina joto, mama mkwe analitumia kuumulia unga. Alfajiri anaondoa bakuli, anarudisha kitambaa, hakuna anayejua. Leo mashine ilijiwasha ikamtoa mbio kabla hajaliondoa.

Mwanaheri akalishusha bakuli sakafuni, akatafuta bisibisi, akafungua ubavu wa sipiyu, na mara akatamani asingefungua.

Mende walimwagika kama maharage kutoka kwenye gunia lililotoboka. Wakubwa wa kahawia walikimbilia mkono wake, mmoja akafika kiwiko, akamrusha ukutani kwa kelele aliyoimeza nusu. Wadogo walibaki ndani, weupeweupe, laini, wamesongamana juu ya vyuma kama punje za wali zilizopata miguu. Unga ulikuwa umedondokea feni ukagandia mapangani, na mende waliofia pale walikuwa wamezungushwa na kusagwa, mbawa huku, miguu kule, vyote vimeshikamana na ule uji mkavu ukawa kitu kimoja kama andazi lililooza. Vifuko vya mayai vilipangwa safi kabisa kando ya ramu. Harufu ilimpiga usoni: uchachu, nazi iliyoharibika, na ile harufu ya mende yenyewe inayokaa kwenye ulimi kana kwamba umewalamba.

Akakimbilia nje akatapika kwenye mtaro. Akitapika alikumbuka kitumbua cha jana. Alikula vitatu. Akatapika tena.

Mama mkwe alimfuata akidhani jini limemwingia. Mwanaheri akamshika mkono, akamwingiza sebuleni, akamwonyesha. Yule mama alitazama sanduku, akatazama bakuli sakafuni, na uso wake ukalegea kwa nafuu.

"Mende tu?" akasema. "Na mie nakosa usingizi kwa ajili ya mende?"

Mwanaheri akamwambia, kwa adabu yote aliyobakiwa nayo, kwamba mende wamefuata unga. Mama mkwe hakukana wala hakuona aibu. Asubuhi za siku hizi zina kibaridi, unga hauumuki, na lile sanduku lina joto lake linapotea bure, sasa kosa liko wapi? Kisha akainama kuchukua bakuli akakaange, maana kumeshakucha.

Na hapo wote wawili wakaona. Kwenye mapovu, katikati, mende mmoja mkubwa alikuwa anapiga makasia, anazama, anaibuka, ndevu zake ndefu zimelowa utomvu mweupe. Mama mkwe akaingiza vidole viwili, akamchota, akampiga chini, akamkanyaga. Akajifuta vidole kwenye kanga. Akachungulia tena bakulini, akachota kingine kidogo ambacho Mwanaheri hakutaka kujua ni nini.

"Mama, tuumwage," Mwanaheri akasema. "Nakuomba."

"Nimwage mchele na nazi yangu? Mafuta yakichemka hakuna mdudu anayebaki. Watu wamekula miaka, umemsikia nani amekufa?"

Mlangoni Najat alikuwa amesimama, kanga ya kulalia mabegani, anapikicha jicho. Mwanaheri akamwambia arudi ndani. Hakurudi.

Nje, mbali kidogo, chuma kilianza kugongwa. Skrepa hao. Mama mkwe aliusikia ule mlio kama alivyousikia mkwewe, akashusha sauti, akawa mpole kama siku ya harusi ya mwanawe. Akasema basi mashine ibaki. Ibaki hata mwaka, na Badru hataambiwa neno. Ila na Mama Najat naye ayafunge ya leo kinywani mwake, asije akaenda kuyamwaga bombani kwa wanawake wenziwe. "Sanduku lako na bakuli langu, tumeelewana?" akamaliza.

Mwanaheri alitazama ile bahasha ya mitihani. Aliona bata wa kuhesabu. Akakubali kwa kichwa, na kile kichwa kilipoinama alijisikia kana kwamba yule mende amemwingia kooni na kutulia humo.

Skrepa walipita wakapewa kikaango kilichotoboka. Yeye akafunga kitambaa puani akaanza kazi. Alipuliza dawa, akafagia waliokufa kwa mswaki wa zamani, akawajaza kwenye mfuko mmoja, wa pili, akaufunga kwa fundo na bado mfuko ukawa unatikisika. Alikwangua mapanga ya feni kwa kijiti, kipande kwa kipande, akitema mate kila mara ingawa kinywani hakuwa na kitu. Mayai yalipasuka chini ya mswaki kwa sauti ndogo ambayo alijua ataisikia siku nyingi. Akachomoa ramu, akasugua meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli, kama Mwalimu Kornelio alivyowaonyesha, akairudisha mpaka ikasema ta. Akapitisha spiriti kila mahali. Aliacha mlango wazi vikauke, akaoga mwili mzima kwa sabuni ya kufulia.

Alipoiwasha, mashine ilitoa mlio mmoja mfupi, ule wa afya, na feni ikazunguka kwa pumzi laini. Kioo kikawaka. Mitihani yote ilikuwepo. Siku nyingine angecheka peke yake, angemnyanyua Najat na kumrusha hewani. Leo alikaa ameweka mikono mapajani, maana kutoka barazani ilikuwa inaingia harufu ya iliki na mafuta ya moto, harufu nzuri kabisa.

Sauti ya Mama Fransis ikasikika ikimpa shikamoo mama mkwe. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwenyeji wa Bukoba, mtaratibu, asiyependa kukaa barazani kwa watu bila shughuli. Alikuwa akieleza kwamba mwanawe ametoka kuharisha siku nyingi, kila chakula anakisukuma, lakini leo kaamka anataka kitumbua cha bibi. Mama mkwe akamchekea, akamwambia ampelekee vya juu juu vilivyoiva vizuri, mgonjwa hali vya jana.

Mwanaheri alitoka akasimama kwenye kizingiti. Najat alimfuata, akamshika pindo la gauni. Karai lilikuwa linachemka, vitumbua vimeumuka duara, vya dhahabu, vinapendeza. Mama mkwe aliinua macho mara moja tu, akayarudisha karaini.

"Mama Najat, za asubuhi," Mama Fransis alisema. "Mbona umeparara hivyo? Haya niambie wewe unayekaa ndani, vya leo vitamu?"

Mwanaheri alifungua kinywa. Alikuwa na neno tayari, zima, limekaa ulimini, na nyuma yake feni ya kompyuta ilikuwa inapumua taratibu.

"Vya moto," akasema. "Ndiyo kwanza vinatoka."

Alilisikia neno lake likitua barazani likanuka kuliko vyote alivyovikwangua asubuhi ile. Mama Fransis alikuwa amekwisha kunyoosha kisahani. Mama mkwe akatia cha kwanza, akatia cha pili. Pindo la gauni likaachiwa. Najat alisogea mbele, akaegemea goti la Mama Fransis kama alivyozoea, akachungulia kisahani, na kwa sauti yake ya mafua, wazi, iliyosikika mpaka barabarani, akasema:

"Mende alikuwa anaogelea kwenye unga wa bibi."