Kitufe cha Macho Mekundu

Simu ni yangu, picha nimepiga mimi, halafu watu wazima wanikalishe chini wanieleze simu yangu imesema nini kuhusu mama yangu. Mpaka leo nikiikumbuka ile Jumapili natema mate.

Tulikuwa nyumbani, kijijini nje ya Bariadi, kwenye kipaimara cha Jenifer, binti wa baba mdogo Mayunga. Mchana niliwapiga watu picha uani, juani, mpaka wakachoka wenyewe. Mama hakutoka. Jua linamuumiza macho, na hayo macho yameiva kwa moshi: maisha yake yote anapikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, kwenye jiko lisilo na dirisha. Nikamfuata humo humo. Palikuwa na giza, nikawasha flashi, nikampiga.

Baadaye Bundala, kaka yake Jenifer, akaomba simu ajitumie picha. Akawa anazirembesha kwanza, anaongeza mwanga, anakata kingo. Mara akaacha kurembesha. Akarudi picha ya nyuma, akaenda ya mbele, kisha akampelekea baba yake.

"Baba, kwenye picha za watu wote hiki kitufe hakipo. Kwa mama mkubwa tu ndiyo kimekuja."

Simu yangu niliiweka Kiswahili, kwa hiyo kila mtu aliweza kusoma: Ondoa macho mekundu. Na huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee ndiyo alama ya mchawi.

Ndama wa baba mdogo walikuwa wanakufa tangu mvua zianze. Wanavimba matumbo, wanalala, hawaamki. Bwana mifugo hakumwita. Baba mdogo alikuwa anatafuta mtu wa kumbebesha lawama, basi akampata.

"Mashine haina ugomvi na mtu," akasema. "Haimjui huyu mama, na bado imemtambua."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hao hao wametoka kula chakula chake, mafuta ya kuku bado yanang'aa midomoni. Nilisikia kinyaa, kama mtu aliyeona funza kwenye nyama ambayo ameshaitafuna.

Nikawaeleza taratibu. Simu inaangalia picha ilivyopigwa. Ukipiga kwa flashi gizani, mwanga unaingia ndani ya jicho unarudi na wekundu wa damu, ndiyo maana simu inakuletea kitufe cha kuufuta. Picha ya juani haina flashi, kitufe kije kufanya nini? Nimeyaona kwenye harusi za kule Lamadi ninakouza dagaa, ukumbi mzima macho mekundu, bwana harusi naye yumo.

"Mtoto lazima amtetee mama yake," Bundala akasema.

"Haya, baba mdogo, ingia ndani ya nyumba nikupige picha wewe."

Aliingia, maana angekataa wangesema anaogopa. Nikafunga dirisha, nikawasha flashi, nikampiga, nikawapelekea wazee. Macho yake yalikuwa yanawaka kama makaa, na kitufe hicho hapo chini.

Baba mdogo akawanyang'anya simu, akabonyeza mwenyewe, macho yakarudi meusi. Akacheka.

"Kumbe ni flashi tu," akasema. "Ile ya kwanza ifute kabisa, Specioza, watu wasije wakaniona vile."

"Na ya mama?"

Hakuniangalia. "Mama yako yake ni mekundu hata bila simu."

Hakuna mzee aliyemkemea. Mtu ameushika ukweli mkononi, ameutumia kujisafisha yeye, halafu anaumwaga chini kama maji ya kuoshea vyombo. Mbele yao wote nilitema mate, wala sikuomba radhi. Huku kwetu neno kama lile halibaki uani, linatembea, na bibi wa watu analipia kwa panga. Nikaenda jikoni kumchukua mama twende Lamadi.

Ukuta wa lile jiko ni fito na udongo, hauzuii neno. Nilimkuta ameinamia beseni. Ananawa macho kwa sabuni ya kufulia, anayasugua kwa ncha ya kanga, ananawa tena.

"Mayu, mama, inuka tuondoke," nikamwambia.

Akaniinulia uso, maji yanamchuruzika.

"Hebu tazama, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Yamepungua?"