Fungu la Moto

Ilipofika zamu ya nne nilikuwa nimebakiwa na pointi tatu za uhai kati ya ishirini, na kaka yangu, aliyeketi mbele yangu, alikuwa na karata moja tu mkononi. Watu waliotuzunguka katika chumba kile cha nyuma ya duka la vitabu waliniona nimekwisha. Sisi wawili tulijua sivyo.

Yeye ndiye aliyenifundisha mchezo ule. Alikuwa fundi friji; akirudi kazini ananawa mpaka viwikoni ndipo aguse karata zake. Nami nasukuma madaftari yangu ya chuo cha ualimu chini ya kitanda, tunakaa sakafuni kulipima fungu lake, yaani karata alizojichagulia kuchezea, moja baada ya nyingine. Lilikuwa fungu la moto: karata nyepesi, za kushambulia tangu zamu ya kwanza, mpinzani hajajipanga. Wengi hawakuvuka zamu ya tatu. Ila halikuwa na kinga, wala akiba. Likikosa kumaliza kazi mapema, lilibaki kama mkimbiaji aliyeishiwa pumzi utepe akiuona.

Nilimsihi mara nyingi atoe mashambulizi mawili, aweke kinga mbili. Alicheka tu, akasema mwenye kubeba kinga ameshaanza kuwaza kushindwa.

Mshindi wa siku ile angekwenda kwenye mashindano makubwa, na mwisho wa umri ulikuwa miaka ishirini na mitano. Mimi nilikuwa na kumi na tisa. Yeye alibakiza wiki tatu avuke.

Mkononi nilikuwa na Ukuta, karata inayozuia shambulio lolote kwa zamu moja. Nikiiweka, amekwisha. Nikiificha, nani angejua? Nikawa naigeuzageuza. Kaka hakuinua macho.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "ukinihurumia leo, hata mechi nilizokushinda nyumbani sitaziamini tena."

Nikaiweka.

Akalaza karata yake ya mwisho, ikagonga mwamba. Zamu iliyofuata nilimmaliza. Akanipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida.

Njiani alinibebea mkoba, akinichambulia fungu langu mimi: linavumilia vizuri, lakini linangoja mno, siku likikutana na mwenye subira kuliko mimi litakufa limekaa. Hakukosea. Kwenye mashindano makubwa nilitolewa raundi ya pili, na msichana aliyenisubiri mpaka nikaishiwa karata. Niliporudi na habari hiyo kaka alinicheka mpaka akakaa chini.

Lakini jioni ile nilipomshinda hakucheka. Mama alikuwa mlangoni akiuliza nani kashinda. Kaka akanitangulia kujibu.

"Mwanafunzi wangu," akasema, akachukua taulo, akaingia bafuni. Mama akanikumbatia. Tulimsikia akifungua bomba, na maji yakatiririka muda mrefu sana, wala hakuna aliyegonga mlango.