Jogoo wa Peres

Nakhumicha alijua vita vimefika mlangoni alipomwona wifi yake akishuka kwenye bodaboda na jogoo kwapani.

Ilikuwa Alhamisi ya juma la maonyesho ya kilimo katika uwanja wa Jamhuri, Nairobi. Peres, dada mkubwa wa mumewe Joash, alikuwa amekuja kutoka Kimilili na kikundi chake cha kina mama kutazama mbegu na ng'ombe wa maziwa. Nyumba ya Joash na Nakhumicha haikuwa mbali na uwanja, basi Peres akaona ni upuuzi kulala kwingine.

"Karibu, wifi. Pole na safari," Nakhumicha alimlaki.

"Asante. Kamata huyu." Alimtupia jogoo mikononi, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. "Nimesikia hapa watu wanakula majani, nikasema nijibebee kitoweo changu."

Nakhumicha alicheka kwa meno tu. Moyoni alikuwa akihesabu siku nne zilizobaki mpaka Jumatatu, siku ya mgeni kuondoka.

Ilikuwa kweli kwamba nyama haikuwa imepikwa katika nyumba ile tangu mwezi wa tatu. Joash alikuwa fundi wa mabomba, kutwa akizunguka majumba ya Loresho na Kitisuru, na asubuhi moja aliamka akashindwa kuvaa kiatu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba na kuiva kama nyanya. Hata shuka ikikigusa, alipiga kelele. Daktari alisema ni jongo. Alimpa dawa na kumkataza nyama nyekundu, maini, matumbo, omena na pombe. Kuku angeweza kula kidogo, mara moja moja, bila vya ndani.

Joash aliona afadhali aache vyote. "Nikionja sitaweza kusimama," alimwambia mkewe. "Na peke yangu siwezi. Nikikuona wewe unatafuna, nitashindwa. Tuache pamoja."

Nakhumicha hakuwa mtu wa kuachana na nyama kirahisi. Katika ofisi ya mawakili pale mjini alikokuwa karani, wenzake walimwita fisi, naye hakuwa na neno, kwa maana mfupa ukipita mikononi mwake hata mbwa hakuwa na haja nao. Lakini alimtazama mumewe amelala na mguu juu ya mto, akamwonea huruma.

"Basi tutaacha wote," alisema.

Akashika neno lake. Alijifunza kulainisha kunde kwa maziwa, kuunga ndengu kwa nazi, kupika mrenda usioteleza sana, kukausha uyoga. Siku Virginia wa mapokezi alipoagwa ofisini kwa pilau ya mbuzi, Nakhumicha alikula kachumbari na ndizi huku wenzake wakimtania. Mguu wa Joash ukapona. Miezi ikapita bila maumivu.

Ila Joash alikuwa ameomba jambo la pili. "Nyumbani wasijue. Ndugu zangu watanicheka mpaka nife. Mwanamume mzima kunyimwa nyama na kidole!"

Hilo nalo alilikubali, na hapo ndipo alipojichimbia shimo. Mwezi wa nane walikwenda Kimilili matangani, Joash akalipitisha sinia la nyama bila kugusa. Watu wakamshangaa. Akacheka, akasema, "Muulizeni Nakhumicha." Alidhani ametoa mzaha. Mzaha ule ulizunguka boma hadi boma, na kufikia mwisho wa mwezi uliofuata ilikuwa inajulikana wazi kwamba Nakhumicha amemkalia mumewe kichwani na anamlisha majani ili awe zuzu.

Jioni ile ya Alhamisi aliandaa ugali, kunde na ndengu. Peres alikoroga bakuli kwa kijiko kama mtu anayetafuta pete iliyopotea.

"Wifi, mboga nimeiona. Kitoweo kiko wapi?"

"Ndicho hicho, wifi. Jogoo nitakuchinjia kesho nikitoka kazini, nikupikie wewe. Sisi hatuli siku hizi."

"Sisi nani? Huyu mimi nimemlea mgongoni. Hakuwahi kukataa nyama mpaka alipokuoa."

"Si yuko hapo? Muulize."

Peres akageuka. "Joash, ni wewe umekataa nyama?"

Joash alifinyanga tonge lake taratibu, akalichovya, akalitazama. "Aah, dada, kula kwanza. Hayo ni mambo ya nyumba."

Nakhumicha alimkanyaga chini ya meza. Joash akavuta mguu. Walipoingia chumbani alimwambia neno moja tu, "Mwambie," naye akajibu, "Kesho."

Kesho yake Nakhumicha aliporudi kutoka mjini, harufu ilimpokea getini. Peres hakuwa amemngoja mtu. Jogoo alikuwa amechinjwa, amekaangwa, ameungwa, na Joash, aliyejifanya siku zote kazi za Kitisuru hazimpi nafasi ya kurudi mapema, alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na paja na maini. Firigisi ilikuwa mkononi, imeumwa nusu.

Macho yao yakakutana. Joash akameza.

"Leo ndugu yangu amekula kama mwanamume," Peres alisema, akijipangusa vidole. "Kaa ule, wifi. Ama mungu wako wa majani atakasirika?"

"Joash, unakula?" Nakhumicha aliuliza.

"Ni ya leo tu. Mgeni ameleta, nitakataa aje?"

"Mimi nilikataa."

"Wewe ni mwanamke. Hujui vile inakuwa."

Nakhumicha alisimama pale na mkoba begani. Aliikumbuka ile pilau ya Virginia, mvuke wake, alivyoisogeza kando. Kwa ajili ya nani? Alikwenda jikoni, akajipikia chai ya rangi, akainywa akiwa amesimama. Kutoka sebuleni alisikia kicheko cha Peres, halafu cha Joash.

Jumamosi ndugu wawili walikwenda maonyeshoni. Walirudi jioni wamenona kwa furaha, na Peres hakuacha kusimulia: walikula matumbo, wakala mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, wakaongeza mbavu za kuchoma, na Joash ndiye aliyeagiza. Nakhumicha alikuwa akichambua ndengu. Hakuinua kichwa.

Jumapili kulipokucha, Joash aliamka na yowe. Kidole kilikuwa kimerudi, safari hii na kifundo chote. Peres alitoka mbio sebuleni na leso kifuani, akautazama mguu ule mwekundu, kisha akamgeukia Nakhumicha.

"Umemwekea nini?"

"Mimi?"

"Amekula kwa mkono wangu siku mbili, akawa mzima. Amelala kwako usiku mmoja, ameamka hivi! Ngoja. Mama atasikia leo." Tayari alikuwa na simu sikioni. "Mama! Njoo usikie, huyu mwanamke anamaliza mtoto wako!"

"Weka sauti juu," Nakhumicha alisema. "Nataka asikie vizuri."

Alifungua kabati, akatoa pakiti ya dawa, akasimama miguuni pa kitanda. Joash alinyoosha mkono.

"Lete, Nakhu. Lete haraka."

"Hii ni dawa ya nini?"

"Si unajua. Lete!"

"Mimi najua. Dada yako hajui. Mama yako hajui. Sema, hii ni dawa ya nini?"

Joash alijaribu kuinuka, mguu ukamrudisha chini. Jasho lilimtiririka. Kwenye simu, sauti ya mama mkwe ilikuwa ikiuliza, "Peres? Kuna nini huko? Peres?" Nakhumicha aliiona taabu ya mumewe, na angeweza kumpa vidonge vile muda uleule. Hakumpa.

"Ya jongo," Joash alisema hatimaye. "Nina jongo. Tangu mwezi wa tatu. Daktari alinikataza nyama."

"Nani alisema tuache wote wawili?"

"Ni mimi."

"Nani alisema nyumbani wasijue?"

"Ni mimi! Nipe maji!"

Nakhumicha aliweka pakiti kitandani na glasi ya maji kando yake. Kwenye simu mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo, "Babu yake alikuwa na mguu kama huo," na Peres akaikata.

Kama Nakhumicha alitarajia kuombwa radhi, alikosea. Peres alifunga mkoba wake huku akizungumza na ukuta. "Hata kama. Mke gani anasimama na dawa mkononi akimtazama mume wake akilia? Mimi nimeona kwa macho yangu." Akaondoka kwenda kulala na wenzake wa kikundi, bila kunywa chai.

Maneno yale yalimchoma Nakhumicha kwa kuwa hayakuwa ya uongo. Lakini hakujutia alichofanya.

"Umeniaibisha mbele ya mama yangu," Joash alisema baada ya maumivu kupungua.

"Na mimi ulinivika aibu yako tangu matangani. Nimeivaa mpaka imenichosha. Chukua."

Jumanne Nakhumicha alipita bucha akitoka kazini, akanunua nusu kilo ya nyama yenye mafuta. Aliikaanga kwa vitunguu vingi mpaka dirisha likafuka. Joash, aliyekuwa bado anatembea kwa kisigino, alikuja akaegemea mlango wa jikoni.

"Tulikubaliana," alisema.

"Tulikubaliana," Nakhumicha akajibu, akigeuza nyama.

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Ndengu ziko kwenye mkebe. Zichambue, zina mawe."

Joash alingoja amwone mkewe akicheka. Nakhumicha hakucheka. Alipakua sahani yake, akapita kando ya mumewe bila kumgusa, akakaa sebuleni na kuongeza sauti ya runinga. Nyuma yake alisikia mkebe ukifunguliwa, na ndengu chache zikimwagika sakafuni, na Joash akitukana chini kwa chini huku akijaribu kuinama.