Msumeno Usianguke

Dada wa kaunta aliugeuza msumeno wa umeme chali, kama mtu anayekagua kuku kabla ya kumnunua, akaweka kidole ubavuni mwake. Hapo palikuwa na alama iliyochomwa kwa msumari wa moto: sanduku dogo lenye mkia.

"Hii nini?"

"Alama yangu," alisema Pima.

"Naona ni alama, baba. Nauliza imefikaje hapa."

"Nimeichoma mwenyewe. Siku ileile niliyoununua."

Dada akaandika kitu. Mke wa Pima alinyoosha shingo asome, lakini mkono wa dada ulikuwa umefunika karatasi. Kwenye uwanja wao wa useremala wote walimwita Chaki, kwa sababu ndiye aliyemchorea mumewe mistari ya kukatia, na vidole vyake havikuwahi kuwa na rangi nyingine. Leo alikuwa ameviosha kwa brashi. Hata hivyo alivificha chini ya mkoba.

"Tatizo si alama," alisema Chaki. "Tatizo ni swichi. Ukiachia kidole, meno hayasimami."

"Nimeelewa, mama. Fundi wetu ataangalia."

Fundi wa ndani alitoka na koti lake la buluu. Alichomeka waya, akabonyeza, msumeno ukanguruma. Akaachia. Msumeno ukaendelea kunguruma. Watu waliokuwa kwenye viti vilivyopigiliwa sakafuni waligeuka. Fundi akangoja, akatazama kidole chake kilichokuwa hewani, kisha akachomoa waya ukutani. Meno yakazunguka, yakachoka, yakasimama. Akamtazama dada wa kaunta, dada akatazama kompyuta. Fundi akavuta fomu, akaandika maneno mawili, akarudi ndani bila kuaga.

Safari hii Chaki aliyasoma. *Kifaa kinawaka.*

"Kuwaka kinawaka," alisema. "Hatukuja kwa sababu hakiwaki."

"Ndiyo maana kuna utaratibu, mama."

Nyuma ya dada kulikuwa na rafu. Juu yake swichi mpya zilining'inia kwenye vifuko vya nailoni, kila moja kubwa kama kiberiti. Chini ya rafu, sakafuni, palikuwa na boksi lisilo na kifuniko, limejaa swichi za zamani. Chaki ana macho ya mtu aliyezoea kutafuta ufa kwenye mbao. Aliona kwamba zote zilikuwa zimepasuka mahali pamoja, kwenye pembe ya chini.

"Na zile za kwenye boksi?"

"Zile ni za watu wengine."

Pima alitoa kadi ya dhamana. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ulikuwa ndani ya kitambaa, kwa sababu nyumbani ilikaa kwenye kopo moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mbele iliandikwa DHAMANA YA MAISHA kwa herufi za dhahabu. Ndani kulikuwa na mihuri minne ya matengenezo, mmoja wa kila mwaka, na hakuna hata mmoja uliochelewa siku mbili. Chini kabisa, kwenye mstari wa sahihi ya mnunuzi, Pima alikuwa amechora sanduku dogo lenye mkia.

"Binti," alisema Pima, "mihuri hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Mara nne umeushika msumeno huu. Alama hukuiona?"

Dada aligusa muhuri wa mwisho kwa kidole. Hakuwa mtu mbaya. Miaka yote minne alikuwa akimuuliza Pima habari za watoto. "Siku zile, baba, ilikuwa kusafisha na kutia grisi, na mlilipia. Leo mnaomba kupewa kitu. Mkiomba kitu, lazima niandike kila ninachokiona. Gamba likichomwa au kutobolewa, linahesabiwa limeharibiwa na mtumiaji."

"Kwenye kadi hakuna neno hilo," alisema Chaki. "Naijua kadi hii."

"Kwenye kadi hakuna. Liko kwenye mkataba wa huduma, ule mnaokubali kila mnapoleta. Unabandikwa pale." Akaonyesha karatasi ukutani nyuma ya mlango, mlango ambao mchana kutwa ulikuwa wazi na kuifunika.

Hakuwakatalia. Jambo hilo Chaki alilikumbuka sana baadaye. Kama wangekataliwa siku ile, wangeondoka na hasira zao na mambo yangeishia hapo. Dada alisema ataandikia makao makuu, waombewe. Huenda wakakubali. Majibu ni wiki tatu. Msumeno wanaweza kuuacha au kuondoka nao, ila kitu kimoja tu: asiufungue mtu. "Lakiri ile nyekundu kwenye skrubu ikikatika, hata mimi sitaweza kuwasaidia."

Akampa Pima risiti. Pima akaikunja, akaitia kwenye kitambaa pamoja na kadi. Hawakuisoma nyuma.

*

Uwanja wao ulikuwa paa moja refu la mabati, na chini yake mafundi kumi na tisa. Misumeno ya rangi moja, nyundo za mpini mmoja. Huyu anaazima patasi kwa yule, yule anampa wa tatu. Kwa hiyo kila anayeingia uwanjani hapo, siku ya kwanza kabisa, anachagua alama yake, anapasha msumari na kuchoma kila chombo chake mbele ya wenzake, ili kesho pasiwe na ubishi. Nyota, panga, herufi, jicho. Pima alichagua sanduku kwa sababu alianzia kwenye masanduku ya nguo. Mkia uliongezeka siku moja alipopiga chafya.

Aliyekaa jirani yao alikuwa Waya, fundi umeme, mtu wa maneno mengi.

"Nusu saa, Pima. Nusu saa na bisibisi. Swichi ya kufanana na hiyo ninayo hapa."

"Lakiri."

"Lakiri, lakiri! Umeoa mashine wewe? Shemeji, umesikia? Una mke mwenzio ana lakiri."

"Namjua," alisema Chaki. "Ndiye anayelala ndani, mimi nikaachiwa mlango."

Walicheka wote watatu. Lakini Pima hakutoa msumeno. Alikuwa ameupata kwa kujinyima kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo aliishi nao kama kadi ilivyosema. Jioni ile ya kwanza Chaki alimsomea maandishi madogo ya nyuma ya kadi, yeye akayakariri, akawa anayasema kama mtoto anayesema jedwali la kuzidisha: kisifunguliwe, kisilowe, kisianguke. Hakuufungua. Mvua ikitishia aliuvulia shati. Kuhusu kuanguka, aliutengenezea kitanda cha godoro kuukuu kando ya meza ya kukatia, kwa sababu sakafu ilikuwa ya zege. Wenzake walimcheka kwa hilo godoro. Misumeno yao ilikuwa imefungwa kwa waya na mpira wa baiskeli, na ilikuwa inakata.

Wangeweza kungoja hizo wiki tatu kama si madawati. Shule ilikuwa imeagiza sitini, na mkuu wa shule alisema wazi kwamba yasipokamilika kabla ya kufungua muhula, kazi atampa mwingine, na mbao pia zitahamia huko. Kwa msumeno wa mkono Pima alikata nusu dawati kwa siku, na usiku bega lake likawa halinyanyuki.

Siku ya tano akabuni njia. Kwenye nguzo palikuwa na soketi yenye swichi yake. Chaki angesimama hapo, kidole juu ya swichi, macho kwa mumewe. Pima akifika mwisho wa mstari, angeinua kidevu mara moja. Chaki azime.

"Usizime kabla ya kidevu," alimwambia. "Ukizima katikati ya mbao, meno yatabanwa, na ukiwashwa tena msumeno utaruka."

"Na nisipoona kidevu?"

"Utaona. Miaka ishirini na mbili unakiangalia."

Waya alipita na kikombe cha chai. "Siku hizi shemeji amekuwa swichi. Yeye dhamana anayo?"

"Huyu hana kadi," alisema Pima, "lakini hajawahi kukwama."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Msumeno ulipiga kelele kiasi kwamba hata mtu akipiga ukelele usingemsikia. Chaki hakuutazama msumeno, wala mbao, wala watu waliopita. Alitazama kidevu chenye ndevu fupi zilizojaa unga wa mbao. Jioni shingo yake ilikauka, na hata akiwa anapika alijikuta anatazama kidevu hicho kila kiliposogea kula. Wiki ya tatu ilipoisha alipiga simu. "Bado, mama." Wiki ya nne. "Bado, wameshapokea." Wiki ya tano simu ilipokelewa na mtu mwingine, aliyemwomba aanze upya tangu mwanzo. Madawati yalikuwa yamefika arobaini na moja.

La arobaini na mbili lilikuwa na ubao wenye jicho gumu, fundo la tawi, katikati. Chaki aliliona alipokuwa akichora mstari, akalizungushia chaki ili mumewe alione. Pima aliliona. Akapunguza mwendo. Meno yalipoingia kwenye lile jicho yakabanwa, na msumeno ukaruka nyuma, ukamtoka mkononi. Kidole kilikuwa kimeachia kabisa. Meno hayakusimama.

Uliruka upande usio na godoro.

Mtu mwingine yeyote pale uwanjani angeuacha uanguke, akaruka kando na kutukana. Pima aliona zege. Akanyoosha mkono wa kulia kuudaka.

Chaki aliona yote hayo, kidole kikiwa juu ya swichi. Alikuwa anangoja kidevu.

*

Hospitali walimwachia mkono hadi juu kidogo ya kifundo cha kiganja. Daktari alisema umekatwa vizuri, kidonda kitapona haraka, na Waya, aliyekuwa amebeba ndoo ya maji na hana pa kuiweka, akalia kuliko wote.

Wiki iliyofuata simu ikaja. Makao makuu yamejibu.

Chaki alikwenda peke yake. Kaunta ilikuwa ileile, viti vilevile. Boksi la sakafuni lilikuwa limejaa, na jingine limeanzishwa kando yake. Dada alitabasamu, akatoa kifuko cha nailoni rafuni, akakiweka juu ya kaunta katikati yao.

"Wamekubali, mama! Si kwa dhamana, kwa dhamana imeshindikana kwa ile alama. Ni kwa hisani. Mnapewa swichi bure, na kufungiwa bure. Baba hakuja?"

"Hakuja. Mkono wake umekatwa na ule msumeno."

Tabasamu lilichelewa kuondoka. Dada akashika mdomo. "Pole. Pole sana, jamani." Halafu, kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa ofisi ya ndani: "Mliutumia? Mkiwa mnasubiri?"

"Tulikuwa na madawati."

"Nyuma ya risiti imeandikwa, mama. Kisitumike hadi majibu yatoke."

Chaki alifungua kitambaa, akatoa risiti, akaigeuza. Imeandikwa. Wino wa kijivu, herufi ndogo kama mchwa. Yeye ambaye alikuwa amesoma kadi nzima hadi jina la mchapishaji.

"Nisikilize," alisema dada, na sasa alikuwa ameinama karibu. "Mimi sijasikia ulichosema kuhusu mkono. Nikisikia, nitatakiwa kuandika, na nikiandika, hata hii hisani wataivuta. Chukua swichi. Utaweza kukata mwenyewe bila mtu wa kuchomoa waya ukutani. Si ndivyo?"

Ndivyo. Madawati kumi na tisa yalikuwa bado, na muhula ulikuwa unafunguliwa baada ya siku tisa. Chaki alishapiga hesabu hiyo njiani.

"Nisaini wapi?"

"Si wewe. Ni mwenye kadi." Dada akageuza fomu. Mstari wa juu ulisema kwamba mteja amepokea swichi kwa hisani. Mstari wa chini ulisema kwamba mteja anathibitisha hana dai lolote jingine, la zamani, la sasa wala la baadaye, kuhusu kifaa hicho. "Na sahihi ifanane na ya kwenye kadi. Wanalinganisha. Juzi wamerudisha moja kwa sababu ya nukta."

"Nimekwambia hana mkono."

"Nimekwambia sijasikia."

Walitazamana. Nyuma ya ukuta fundi wa ndani alikuwa anajaribu mashine ya mtu. Iliwaka. Chaki akangoja izimwe, na ilichukua muda.

Dada alikichukua kifuko, akakirudisha kwenye msumari wake rafuni, taratibu, kama kitu cha kuvunjika. "Nitawawekea. Mlete baba Ijumaa, asaini."

*

Uwanjani jua lilikuwa bado halijashuka. Pima alikaa kwenye godoro la msumeno, ubao mapajani, penseli ya seremala kwenye mkono wa kushoto. Ule mwingine ulikuwa umefungwa bandeji na kuegeshwa kifuani. Kwa kuwa hakuwa na cha kuushikilia ubao, Chaki aliushika, mkono mmoja, huku akiwa amesimama kwenye nguzo, mahali ambapo miguu yake ilikuwa imezoea.

Hakumwuliza mumewe kama anataka kusaini. Mumewe hakuuliza fomu inasema nini. Kadi ilikuwa mbele yao, imewekewa jiwe.

Alichora upande wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukapinda. Wa nne ulipita juu ya wa kwanza bila kuugusa, na sanduku likabaki wazi. Akachora jingine chini yake. Likabaki wazi. Waya alikuwa anawatazama kwa mbali. Ubao ulijaa masanduku yasiyofunga, safu kwa safu, na mikia yao ikielekea kila upande.

Alipofika ukingoni mwa ubao, akachora la mwisho, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua kidevu.

Mkono wa Chaki ukaenda wenyewe kwenye nguzo, ukazima. Hakukuwa na kitu kilichochomekwa.