Samaki Aliyenyooka Mno

Fundi cherehani alipiga pasi shati lake jeupe kabla ya kwenda shuleni. Mwalimu wa chekechea alikuwa amemwita ili wazungumze kuhusu kazi za mikono za kitindamimba wake, na kwa jinsi kazi zile zilivyokuwa safi, fundi alijua anaitwa kwenda kumwagiwa sifa.

Mwalimu alimkalisha kwenye kiti cha watoto, magoti nusura yamguse kidevu, akatandaza mezani kazi ambazo mtoto alipewa afanyie nyumbani muhula mzima. Nyumba, ua, samaki wa karatasi za rangi. Kila ukingo umenyooka, gundi haijavuja hata tone.

"Nzuri mno," mwalimu alisema. "Hapo ndipo ninapopata shida. Hapa darasani mtoto huyuhuyu kuchana karatasi tu kunamtoa jasho."

Fundi akacheka. Mwalimu hakucheka.

"Kuchana, kufinyanga udongo, kutunga shanga, yote ni kuvipa vidole nguvu, baba. Hizi za nyumbani ndizo nilizokuwa nikizitazama nijue kama ataiweza penseli darasa la kwanza. Wiki ijayo napeleka majina ya wanaopanda."

Kichwa cha fundi kikaanza kuzunguka. Kweli, alimsaidia. Lakini ni fundi gani wa nguo atakayeona mkasi unakwenda upogo mbele ya macho yake, anyamaze? Alianza kwa kumnyooshea kona moja. Kona ikazaa ukingo, ukingo ukazaa samaki mzima, mkia na magamba.

"Mwalimu, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi nilijifunza kwa kumtazama baba yangu."

"Na mkasi alikupa lini?"

Fundi akajikuna shingo. Alikumbuka vitambaa chakavu, gunia zima, alivyokatakata hovyo utotoni na hakuna aliyemgombeza. Mbona hilo hakuwahi kulifikiria? Bado mambo yalikataa kumwingia akilini.

"Kwa hiyo unataka aniletee aibu? Kazi mbovu?"

"Nataka ya kwake, hata ikiwa mbovu."

Yeye aliyelala akifumua na kuamka akishona, leo anaambiwa unyoofu ni kosa! Akataka kubisha, asijue aanzie wapi.

Mwalimu akamwita mtoto, akamchorea duara kwenye karatasi, akampa mkasi mdogo. "Kata hapa, mama. Taratibu."

Mtoto alilitazama lile duara. Hakuogopa wala hakulia. Aliugeuza mkasi kwa adabu, mpini mbele, akamnyooshea baba yake.

"Haya baba, kata. Mimi nitabandika."

Fundi akaingiwa na aibu mpaka masikio yakamwaka moto, maana alipotazama chini aliona mkono wake umeshafunguka kuupokea.